Shajara ya mradi: mashine ya kulisha tilapia, bwawa la Utange, Mombasa

10 Machi

Bwawa ni mita 20 kwa 10, kina cha wastani mita 1. Limetandikwa turubai zito la plastiki, maana udongo wa huku Utange ni mchanga juu na mwamba wa matumbawe chini, na maji hayakai. Yanayotumika ni ya kisima, ya chumvichumvi kidogo, na tilapia hana neno nayo. Vifaranga vilivyopandwa ni 600. Kwa kukadiria waliokufa, hesabu zote za humu ni za samaki 580. Pampu ya hewa hakuna, na stima haifiki bwawani.

Mpaka sasa samaki wanalishwa kwa mkono mara mbili kwa siku, kata kubwa asubuhi na kata kubwa jioni. Matokeo yanaonekana kwenye ukingo wa magharibi: peleti (punje za chakula cha samaki) zilizolowa na kuvimba, zimesukumwa na upepo, hazina mlaji. Wakubwa wamekula mpaka tumbo limewatuna, wadogo wamekosa. Chakula hichohicho kikigawanywa mara nyingi zaidi, kidogokidogo, kitaliwa chote. Kazi ya mashine ni hiyo. Anayetafuta mashine ili asifike bwawani siku 10 atafute mradi mwingine.

Kanuni inayoongoza uchaguzi wa kila kifaa: kikiharibika, kiharibike upande wa njaa. Tilapia akikosa chakula siku moja, hata mbili, hakuna kinachoonekana kwenye mizani. Chakula kikimwagika kupita kiasi, kinaoza, vijidudu vinavyokiozesha vinavuta oksijeni ya maji, na kwenye bwawa lisilo na pampu ya hewa samaki wanaanza kuelea kabla ya alfajiri.

12 Machi

Aina zilizotazamwa.

Ya kwanza ni pipa lenye fimbo inayoning'inia majini. Samaki akiigusa, peleti zinadondoka. Haina mota wala betri, na tilapia hujifunza kuigusa kwa siku chache. Imekataliwa kwa sababu mbili. Wakubwa huimiliki fimbo na kuwafukuza wadogo, na hapa tofauti ya ukubwa tayari ni tatizo. Halafu upepo wa kusi ukivuma, mawimbi nayo huigusa, na mawimbi hayashibi.

Ya pili ni mkanda unaovutwa na mtambo wa saa ya kutia ufunguo: chakula kinatandazwa juu yake, nao unakisogeza polepole kutwa nzima mpaka kidondoke. Ni nzuri sana kwa vifaranga kwenye matangi, chini ya paa. Nje, kwa hewa ya Mombasa, chakula kilichotandazwa wazi kinalowa kabla hakijafika ukingoni.

Ya tatu ni ile yenye sahani chini kabisa ya pipa, peleti zimeikalia moja kwa moja, mota ikizunguka zinarushwa. Ni rahisi kutengeneza na ndiyo inayouzwa sana. Kasoro yake ni kwamba hakuna mlango: kinachozuia chakula ni lundo lenyewe. Pipa likitikiswa na upepo peleti zinamwagika, na kunguru wanazidonoa pale sahanini kama waliotengewa.

Iliyochaguliwa ni ya nne: parafujo ndani ya bomba, kama ile ya mashine ya kusaga nyama, inayotoa chakula chini ya pipa na kukidondosha kwenye sahani ndogo ya kurushia. Parafujo ikisimama, chakula kimesimama. Kipimo chake hakibadiliki pipa likiwa limejaa au limebaki robo. Inahitaji mota mbili na kazi zaidi ya fundi, ila huo ndio ubaya wake wote.

13 Machi

Ukubwa wa pipa. Hesabu inaanzia mwisho wa msimu, siyo leo. Samaki 580 wakifika gramu 300 kila mmoja ni kilo 174. Kwa ukubwa huo mlo ni karibu asilimia 2 ya uzito kwa siku, yaani kilo 3.5. Akiba ya siku mbili ni kilo 7. Peleti zinazoelea ni nyepesi, lita moja ina gramu 450 hivi, kwa hiyo zinahitajika lita 15 na ushei. Pipa la lita 30 linatosha na kubaki.

Mwenye bwawa alikuwa ameshaweka kando pipa la lita 120. Limerudishwa stoo. Pipa kubwa lina hasara mbili: chakula kinakaa siku nyingi kikivuta unyevu mpaka kinaota kuvu, na siku mashine ikikwama ikiwa inazunguka, kilichomo chote kitaingia majini.

15 Machi

Vifaa vimepatikana vyote mjini. Hakuna cha kuagiza kwa meli.

Kwa parafujo, mota ya waipa ya gari, volti 12, ya spea za mitumba. Ina gia ndani, inazunguka taratibu na ina nguvu ya kuvunja peleti iliyobana. Kwa sahani, mota ya feni ya ndani ya gari, pamoja na risista yake ya kupunguzia kasi. Usiiache risista kwa muuzaji, utaihitaji. Pipa la plastiki la lita 30 lenye kifuniko cha kufungwa kwa pete. Bomba la PVC la milimita 50, urefu wa sentimita 35. Bapa la chuma kisichoshika kutu kwa ajili ya parafujo. Betri iliyozibwa ya volti 12, Ah 7 (ampea-saa, yaani kiasi cha umeme inachobeba). Paneli ya sola ya wati 20 na kidhibiti chaji chake. Taima ya dijitali ya volti 12. Rilei ya mzunguko, yaani ile swichi ya umeme inayowaka kwa sekunde unazotaka, ikazima kwa sekunde unazotaka, kisha ikarudia. Fyuzi ya A 15 (ampea) na nyingine ya A 1. Dayodi mbili, vile vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu. Waya wa milimita mraba 2.5, mita 12.

Rilei ya mzunguko ina sababu yake. Taima za kawaida hatua yake ndogo kabisa ni dakika 1, na dakika 1 ya parafujo hii ni zaidi ya kilo moja ya chakula kwa mkupuo. Taima ifungue dirisha la dakika kadhaa, rilei ndiyo ihesabu sekunde ndani ya dirisha hilo. Ukinunua rilei, hakikisha ina hali ya kuanza na kuwaka; nyingine huanza na kuzima, na mpango wote wa sekunde unasogea.

17 Machi

Uchomeleaji. Bapa limekatwa kuwa pete, kila pete ikapasuliwa upande mmoja, ikavutwa na kuchomelewa kwenye mhimili wa milimita 12, hatua ya sentimita 4 kutoka ukingo hadi ukingo. Kipenyo cha parafujo ni milimita 44 ndani ya bomba lenye nafasi ya 46. Ikibana zaidi ya hapo peleti inasagwa. Ikilegea zaidi, inarudi nyuma badala ya kusonga mbele.

Chini ya pipa kuna faneli ya bati. Ya kwanza ilikuwa na mteremko wa digrii 35, na majaribio ya jioni yakaonyesha chakula kinajenga daraja: juu kimejaa, chini kuna pango tupu, parafujo inazunguka hewa. Imekatwa na kukunjwa upya kwa digrii 60. Juu ya hayo, kipande cha waya mgumu cha sentimita 8 kimechomelewa kwenye mhimili chini ya mdomo wa faneli, kiwe kinakoroga kila mzunguko. Kwa peleti kavu mteremko ungetosha. Masika yakiingia, waya ndio utakaofanya kazi.

Sahani ya kurushia ni alumini, kipenyo sentimita 15, ina mapezi manne ya kimo cha sentimita 2, na nyuma yake kinga ya bati ya nusu duara ili chakula kisirushwe nchi kavu.

18 Machi

Mahali pa kusimamisha. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, kusi kutoka kusini mashariki, na peleti inayoelea huenda upepo unakoenda. Ukingo wa mashariki ndio ulio juu ya upepo kwa misimu yote miwili, na ndiyo bahati ya pwani hii. Mashine imewekwa katikati ya upande huo, ule wa mita 20. Miguu ni bomba za mabati zilizozamishwa kwenye zege nje ya turubai, turubai halikutobolewa. Mkono wa mbele unaingia sentimita 60 juu ya maji, sahani iko mita 1.2 kutoka usoni mwa maji.

Kila mguu umepitishwa kwenye kopo lenye maji na tone la mafuta. Sisimizi wakishalijua pipa la chakula hawaambiliki.

Upande wa magharibi, mita 2 kabla ya ukingo, kumefungwa bomba jembamba linaloelea kutoka pembe hadi pembe, ili peleti zilizosukumwa na upepo zikwame hapo na ziliwe.

19 Machi

Nyaya. Kutoka chanya ya betri: fyuzi ya A 15, kisha mguso wa taima (vipande viwili vya chuma vinavyogusana ili umeme upite), kisha mguso wa rilei, kisha mota. Miguso miwili imefuatana kwenye njia moja kwa makusudi. Rilei ikiganda ikiwa imewaka, taima itakata dirisha likiisha. Umeme wa kuiendesha rilei yenyewe unachukuliwa baada ya mguso wa taima, hivyo nje ya dirisha haipo hai kabisa. Taima ina njia yake ya moja kwa moja kutoka betri kupitia fyuzi ya A 1.

Mota ya waipa ina nyaya za kasi ndogo, kasi kubwa, na ule wa kuirudisha waipa mahali pake. Imetumika kasi ndogo. Nyingine zimefungwa kwa utepe, kila mmoja peke yake, zisije zikagusana.

Jaribio la kwanza mezani: mota zinaanza, rilei inajizima na kuanza upya, mota zinaruka kama kwikwi. Sababu ni waya mwembamba uliotumiwa kwa majaribio. Mota mbili zikiwa zinazunguka zinavuta A 7, lakini zinapoanza zinavuta kama A 20 kwa kufumba na kufumbua. Waya wa milimita mraba 1, mita 6 kwenda na 6 kurudi, una ukinzani wa omu 0.2; kwa A 20 unapoteza volti 4, na rilei inabakiwa na volti 8. Kwa waya wa 2.5 upotevu ni volti 1.7 hivi. Tatizo limekwisha. Dayodi zimefungwa kwenye vituo vya kila mota, mstari ukiangalia chanya, kumeza mshtuko wa umeme mota inapozimwa.

Hesabu ya betri inachekesha. Mota zitazunguka jumla ya sekunde 96 kwa siku. Kwa A 7 hiyo ni Ah 0.19. Taima na kidhibiti chaji, ambavyo havionekani vikifanya lolote, vinavuta miliampea 15 usiku na mchana, na hiyo ni Ah 0.36. Kinachokula betri ni walinzi, siyo wafanyakazi. Kwa pamoja ni Ah 0.55, maana yake Ah 7 inavumilia mawingu ya siku kadhaa bila kuumia. Wati 20 za paneli ni nyingi. 10 zingetosha kiangazi.

20 Machi

Sahani ilipopewa volti 12 kamili ilirusha peleti mpaka ng'ambo, mita 10, na nyingine zilipasuka kwa kupigwa na mapezi. Risista ya feni imeunganishwa kwenye kasi yake ndogo kabisa. Sasa zinatua kati ya mita 2 na 4, kwa upana wa kama mita 5. Risista hupata moto. Imewekwa mbali na plastiki.

Samaki wamepimwa pia: 30 kwa wavu, kwenye ndoo yenye maji iliyotangulia kupimwa, kilo 2.4. Wastani gramu 80.

21 Machi

Upimaji wa mashine. Mfuko ulifungwa mdomoni mwa bomba na kila muda ukarudiwa mara 10. Sekunde 5 zilitoa wastani wa gramu 82, sekunde 10 zikatoa 182. Tofauti ni gramu 100 kwa sekunde 5, yaani gramu 20 kwa sekunde. Lakini 20 mara 5 ni 100, siyo 82: mwanzo wa kila mzunguko unapotea kama sekunde 0.9 mpaka mota ishike kasi na parafujo ijae. Ukipima muda mmoja tu na kugawanya, utakosea kila unapobadili sekunde. Pima miwili.

Mlo: samaki 580 kwa gramu 80 ni kilo 46.4. Asilimia 3.5 ni kilo 1.62 kwa siku. Madirisha manne, kila dirisha mikupuo minne, kwa hiyo kila mkupuo gramu 101. Sekunde 6.0 zinatoa 102. Rilei: kuwaka 6.0, kuzima 60. Mikupuo inaanza sekunde ya 0, 66, 132 na 198. Wa tano ungeanza ya 264. Dirisha la dakika 4 linafunga kwenye 240, kati ya mkupuo wa nne uliokwisha na wa tano ambao haujafika. Kila sekunde zikibadilishwa, hesabu hii irudiwe, la sivyo mkupuo wa tano utapenya kimyakimya.

Saa za kulisha: saa tatu asubuhi, saa tano na nusu, saa nane mchana, saa kumi na nusu alasiri. Hakuna kulisha kabla ya saa tatu, maana oksijeni huwa chini kabisa alfajiri na hupanda pale jua linapoamsha mwani wa kijani majini. Wala hakuna jioni sana, samaki asipambane na usagaji wa chakula usiku maji yakipungukiwa.

22 Machi

Imewashwa. Mkupuo wa kwanza samaki walitawanyika kwa kelele ya mota. Kufikia dirisha la saa nane walikuwa wanakuja. Kwa mapumziko ya dakika moja kati ya mikupuo, wakubwa wanakimbilia wa kwanza, na kwenye wa tatu na wa nne ndipo wadogo wanaonekana juu.

26 Machi

Peleti zilizolowa zimekutwa kwenye bomba la magharibi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wakati mashine haijatakiwa kulisha. Samaki walikuwa juu wakihema.

Taima ilikuwa imeondolewa kwenye betri jana kusogezwa nyaya, na ikapangwa upya na wa zamu. Saa tatu aliandika 03:00. Saa tano na nusu, 05:30. Saa nane, 08:00. Kwa taima 03:00 ni saa tisa ya usiku, na 05:30 ni saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa mbaya kuliko zote za bwawa. Hakukosea Kiswahili, taima ndiyo isiyokijua.

Ulishaji umesimamishwa kutwa. Lilitolewa wazo la kurudisha saa ya taima nyuma kwa masaa sita ili isome Kiswahili. Limekataliwa, kwa sababu fundi yeyote atakayekuja baadaye atairekebisha kwa nia njema na kuharibu kila kitu. Badala yake, ndani ya mlango wa kisanduku cha taima kumebandikwa karatasi iliyofunikwa plastiki: 09:00 saa tatu asubuhi, 11:30 saa tano na nusu, 14:00 saa nane mchana, 16:30 saa kumi na nusu. Chini yake: ukiigusa taima, subiri mpaka uone dirisha lijalo kwa macho yako.

30 Machi

Kunguru. Wamejifunza mlio wa mota kwa juma moja, samaki walichukua siku moja, kwa hiyo samaki wanaongoza. Uzi wa mshipi wa kuvulia umepitishwa juu ya eneo la kulishia, nafasi ya sentimita 40, kimo cha mita 1. Hawatui tena, wanatukana tu kutoka mnazini. Kifuniko cha pipa kimeongezwa kamba ya mpira kwa ajili ya tumbili.

6 Aprili

Samaki 30, kilo 3.15, wastani gramu 105. Kwa siku 15 zilizopita kimetumika chakula kama kilo 24 na uzito umeongezeka kilo 14.5. Kilo 1.7 za chakula kwa kilo 1 ya samaki: si vibaya, ukikumbuka usiku ule ulioharibika.

Kwa kuwa wamepita gramu 100, peleti zimebadilishwa kutoka milimita 3 hadi 4.5, na hapo upimaji wote wa mashine umekufa. Peleti kubwa hazijazi parafujo vizuri. Sekunde 5 sasa ni gramu 74, sekunde 10 ni 164, yaani gramu 18 kwa sekunde. Kilo 60.9 za samaki kwa asilimia 3 ni kilo 1.83. Kuwaka kumewekwa sekunde 7.2. Mkupuo wa tano ungeanza sekunde ya 269. Dirisha la dakika 4 bado salama.

20 Aprili

Wastani gramu 135. Mlo asilimia 2.8, kilo 2.2 kwa siku, kuwaka sekunde 8.5.

27 Aprili

Masika yameshika. Mfuko wa majaribio wa kila juma ulitakiwa kutoa gramu 137 kwa mkupuo. Umetoa 90, wa pili 70, wa tatu mota ikakwama ikinguruma. Imezimwa kwa mkono.

Parafujo ilipovutwa nje, sentimita 10 za mwisho, upande wa mdomo, zilikuwa na uji mgumu uliokauka kwenye chuma. Mvua haikuingia. Baada ya dirisha la mwisho peleti chache hubaki mdomoni mwa bomba, na usiku zinavuta unyevu wa hewa na umande. Asubuhi zinasagwa zikiwa laini, vumbi la chakula linaganda juu yake, kesho yake tabaka jingine. Vumbi ndilo saruji yake. Kila mfuko wa chakula una vumbi chini, na mfuko uliorushwarushwa garini una zaidi.

Yaliyofanywa: kilango cha mpira wa tairi la ndani kimening'inizwa mdomoni, kinasukumwa na peleti na kujifunga chenyewe. Paa la bati limeongezwa mbele kwa sentimita 15. Chakula kinachekechwa kwa wavu wa milimita 3 kabla ya kutiwa. Vumbi linapelekwa kwa kuku. Pipa linajazwa saa mbili asubuhi, umande ukishakauka, kila baada ya siku moja, na halizidi mstari uliochorwa wa siku mbili. Kila Jumapili parafujo inavutwa, inapigwa brashi kavu. Maji yasitumike; kuiosha na kuirudisha ikiwa na unyevu ni kuanza upya.

Bwawa nalo liko chini ya mawingu siku nzima, mwani haufanyi kazi yake. Kipimo cha mkono: ukizamisha mkono na kiganja kikapotea kabla ya kiwiko kulowa, maji yamekolea kupita kiasi. Siku kama hiyo, au samaki wakionekana wakihema juu saa mbili asubuhi, swichi kuu inazimwa. Hilo mashine haitalijua kamwe, lazima mtu afike.

3 Mei

Rilei imeganda. Dirisha la saa tatu asubuhi, pipa lilikuwa limetoka kujazwa kilo 4.4. Mota zilizunguka mfululizo mpaka taima ikakata dakika ya nne. Kimetoka kilo 4.3, mlo wa siku mbili kwa dakika nne.

Peleti zinazoelea zina fadhila hiyo: zinaweza kuokotwa. Kwa wavu wa mkono zilitolewa kabla hazijalowa, karibu kilo 2 zikipimwa na maji yake. Kulisha kumesitishwa siku mbili. Maji ya kisima yaliongezwa jioni, na mlinzi akapita saa kumi na saa kumi na moja alfajiri na tochi. Hakuna aliyekufa.

Kwenye rilei, vipande viwili vya mguso vilikuwa vimeungana kama vilivyochomelewa. Lebo yake inasema A 10, mota zinavuta 7, na hesabu hiyo ndiyo iliyotudanganya: lebo inahesabu mzigo mtulivu, si mota inayoanza kwa A 20 mara 16 kwa siku. Tena dayodi ya mota ya sahani ilikutwa imechomoka, kiungo cha risasi kimeliwa na chumvi, hivyo kila kuzima kulikuwa na cheche. Mguso wa taima uko mzima, kwa sababu hufunga na kufungua wakati hakuna mota inayozunguka.

Marekebisho: rilei ndogo sasa haibebi mota. Inawasha rilei ya gari ya A 40, ya aina ya taa kubwa, nayo ndiyo inayobeba. Dayodi zimerudishwa kwa kubanwa na skrubu badala ya kuunganishwa kwa risasi, na zimepakwa grisi. Fyuzi ya A 15 haikuungua na haikutakiwa kuungua. Fyuzi inalinda waya, hailindi samaki.

Kama pipa lingekuwa lile la lita 120 lililojazwa, madirisha yote manne ya siku hiyo yangemwaga zaidi ya kilo 17.

11 Mei

Kusi imeingia kwa nguvu. Peleti za mkupuo wa kwanza zinaweza kufika bomba la magharibi kwa dakika tatu, lakini nyingi zinaliwa njiani. Kasi ya sahani haikuguswa.

Chumvi: skrubu za kifuniko cha kisanduku zimeota kutu ndani ya wiki nane, vituo vya betri vina ukungu wa kijani. Vimesuguliwa na kupakwa vaselini. Mabati ya miguu bado mazima. Tundu la waya chini ya kisanduku limezibwa kwa silikoni, ila tundu moja dogo limeachwa wazi kwa makusudi, upande wa chini, maji ya jasho la ndani yapate pa kutokea. Kisanduku kilichozibwa kabisa hapa Mombasa kinageuka birika.

18 Mei

Mfuko wa majaribio: gramu 136, 138, 137. Betri saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya jua kuigusa paneli, volti 12.6, baada ya siku tatu za mawingu.

Yanayosubiri: skrubu za chuma kisichoshika kutu badala ya zilizopo, rilei ndogo ya akiba iliyokwisha kupangwa sekunde zake, iwekwe ndani ya mfuko uliofungwa kisandukuni, kupima samaki kesho saa moja asubuhi kabla ya dirisha la kwanza, wavu uko kwa fundi unashonwa upande wa chini wenye vizito vya risasi.